ASILI NA NAKALA: TAFAUTI YA DNA NA RNA, NA JAWABU KWA ALIYEAMBIWA VIRUSI HAVIONEKANI

Sifa zote njema zamstahiki Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), na jamaa zake na masahaba zake. Ama baada ya hayo:

SUALI

Tumeletewa suali katika darsa yetu huku Eastlands, Nairobi, nalo ni hili. Mtu mwenye virusi vya ukimwi ametumia dawa zake kwa miaka kadhaa. Alipopimwa damu hospitalini akaambiwa kuwa virusi havionekani. Akafurahi, na furaha hiyo ni haki yake. Kisha akatokea mganga mmoja akamwambia: "Umeshapona. Hiyo ni baraka ya kombe langu. Dawa za hospitali ziache, zitakuharibu maini." Je, kauli hiyo ni sahihi? Na ikiwa virusi havionekani katika damu, basi viko wapi hata mtu aambiwe aendelee na dawa maisha yake yote?

JAWABU

Kauli hiyo si sahihi, na mwenye kuifuata yuko katika khatari ya kuangamia. Hilo twalisema mwanzo ili asiyekuwa na wasaa wa kusoma mpaka mwisho asikose lililo muhimu. Lakini hatupendi ndugu zetu watii jambo pasina kulifahamu. Sehemu ya pili ya suali, yaani "viko wapi?", ni suali la mtu mwenye akili, nalo lina jawabu lililo wazi. Jawabu lake limo katika tafauti ya vitu viwili vilivyomo ndani ya mwili wa killa mwanaadamu, navyo ni DNA na RNA. Mwenye kuifahamu tafauti hiyo atajua kwa nini kipimo kimesema kweli na mganga amesema uwongo, ingawa wote wawili wanaitaja damu moja.

DNA na RNA ni nini?

Mwili wa mwanaadamu umejengwa kwa vyumba vidogo mno visivyoonekana kwa jicho, viitwavyo seli. Ndani ya seli nyingi mna chumba cha siri, nacho huitwa kiini. Katika kiini hicho ndimo mlimowekwa DNA, na DNA ni uzi mrefu ulioandikwa maagizo yote ya mwili: rangi ya macho, umbo la mkono, namna ya kutengeneza damu, na mengineyo yasiyohesabika. Lau uzi wa seli moja ungenyoshwa, ungefika kiasi cha mita 2, nao umekunjwa katika chumba kisichoonekana. Maagizo tuliyoyarithi kwa mzazi mmoja peke yake ni herufi kiasi cha bilioni 3, na killa mmoja wetu ana ya mama na ya baba. Subhana'llah.

RNA nayo ni uzi ulioandikwa, lakini ni mfupi zaidi, na kazi yake ni nyingine. Seli itakapo kutengeneza kitu, haiitoi DNA nje ya kiini. Huandika nakala ya ile sehemu inayotakiwa tu, na nakala hiyo ni RNA. Hiyo hutoka nje ya kiini, ikasomwa na mafundi wa seli, kikatengenezwa kinachotakiwa, kisha nakala ikavunjwa.

Msomaji aliyesomea chuoni atafahamu kwa mfano huu. Hati ya wakfu hufungiwa sandukuni, haichukuliwi sokoni wala haishikwi na killa mkono, kwa sababu ikiharibika huharibika haki za watoto na wajukuu. Ama ubao wa chuoni, huandikwa asubuhi, ukasomwa, ukaoshwa, ukaandikwa tena. Hakuna mwalimu anayelia ubao unapooshwa, kwani uliwekwa uoshwe. DNA ni ile hati ya sandukuni, na RNA ni ule ubao.

Lakini hatukusudii kusimama kwenye mfano. Lazima tuulize: Ni nini kilichoifanya DNA idumu na RNA ipite, na hali zote mbili zimetengenezwa kwa vitu vya namna moja? Hapa ndipo ilmu ya kemia inapotufaa.

Tafauti ya kwanza: sukari

Nyuzi hizi mbili zimeungwa kwa pingili, kama tasbihi iliyotungwa kwa punje. Killa pingili ina vitu vitatu: sukari, fosfati, na herufi. Fosfati ndiyo inayoiunga sukari moja na sukari inayofuata. Herufi nayo imetundikwa pembeni mwa sukari.

Sukari hii si ile tuitiayo katika chai, bali ni sukari ndogo yenye kaboni tano. Katika RNA huitwa ribosi, nayo ina kaboni 5, haidrojeni 10 na oksijeni 5. Katika DNA huitwa dioksiribosi, maana yake ni ribosi iliyopungukiwa na oksijeni, nayo ina kaboni 5, haidrojeni 10 na oksijeni 4. Aliyezitambua sukari hizi ni mtaalamu Phoebus Levene, ile ya RNA mwaka 1909, na ile ya DNA mwaka 1929.

Basi tafauti yote ya sukari hizi ni chembe moja ya oksijeni. Mtu atasema: chembe moja yaweza kufanya nini? Yafanya mengi. Oksijeni hiyo iliyozidi katika RNA, pamoja na haidrojeni yake, imekaa kwenye kaboni ya pili, karibu na fosfati inayounga pingili. Kwa ujirani huo yaweza kuigeukia fosfati na kuukata uzi. Yaani RNA imebeba ndani yake kisu cha kujikatia. DNA haina kisu hicho, kwani mahali pale pana haidrojeni peke yake, nayo haiwezi kufanya kitendo hicho.

Jambo hili huonekana kwa macho ya maabara. RNA ikitiwa katika maji makali ya namna ya magadi ya kutengenezea sabuni, hukatika vipande vipande. DNA ikitiwa humo, nyuzi zake mbili huachana, lakini uzi wenyewe haukatiki kama ule wa RNA. Tena mwili na mazingira yetu yamejaa vimeng'enya, yaani vitendaji vya kemia vilivyomo katika viumbe, vinavyokula RNA upesi. Vimo katika jasho la vidole vyetu hivi, na kwa hiyo wanaofanya kazi na RNA huvaa glavu ili wasiiharibu.

Kwa upande wa pili, tazameni uimara wa DNA. Mwaka 2023 wataalamu walichapisha khabari za DNA waliyoitoa katika mifupa ya watu wa pwani yetu hii, waliozikwa Manda, Faza, Mtwapa, Kilwa na kwengineko, baadhi yao zaidi ya miaka 500 iliyopita. Jua, chumvi na mvua za pwani hazikuweza kuifuta yote. Mwaka 2021 zilichapishwa khabari za DNA ya mnyama mamothi aliyekuwa chini ya barafu kwa zaidi ya miaka milioni moja. Hiyo ndiyo tafauti iliyoletwa na oksijeni moja.

Tafauti ya pili: herufi

Herufi za DNA ni nne: adenini, guanini, sitosini na thimini. Herufi za RNA nazo ni nne: adenini, guanini, sitosini na urasili. Tatu ni zile zile, na ya nne tu ndiyo inayobadilika. Tena thimini na urasili ni karibu kitu kimoja. Thimini ni urasili iliyoongezwa kaboni moja na haidrojeni zake tatu, mfano wa herufi ya Kiarabu inayopata nokta ikawa herufi nyingine.

Faida ya nokta hii ni kubwa. Sitosini ina tabia ya kuharibika yenyewe mara kwa mara, na ikiharibika hugeuka urasili. Lau kama DNA ingetumia urasili kuwa herufi yake halali, mwili usingeweza kujua ni urasili ipi iliyoandikwa kwa haki na ni ipi iliyotokana na uharibifu. Lakini kwa kuwa DNA hutumia thimini, killa urasili ionekanayo humo hujulikana kuwa ni kosa, na seli ina vimeng'enya vya kuiondoa na kurudisha herufi ya haki. RNA haina haja ya ulinzi huo, kwani umri wake ni mfupi.

Tafauti ya tatu: nyuzi mbili na uzi mmoja

DNA ni nyuzi mbili zilizosokotwa pamoja, na killa herufi ya uzi huu imeshikana na mwenzake wa uzi ule: adenini kwa thimini, na guanini kwa sitosini. Umbo hilo lilielezwa mwaka 1953 na James Watson na Francis Crick, na katika walilolitegemea ni picha za miale ya eksirei zilizotokana na kazi ya Rosalind Franklin. Faida ya nyuzi mbili ni kuwa uzi mmoja ukipata ila, ule wa pili ni shahidi wa jinsi ulivyokuwa.

RNA aghlabu ni uzi mmoja, nao hujikunja wenyewe kwa maumbo mbalimbali. Haina shahidi wa pili.

Alhasili, tafauti za kemia ni tatu: oksijeni moja katika sukari, kaboni moja na haidrojeni zake katika herufi, na uzi mmoja badala ya mbili. Kwa tafauti hizi, DNA imekuwa kitu cha kuhifadhi na RNA imekuwa kitu cha kutumia. Mwenyezi Mungu ameumba killa kitu kwa kipimo chake.

Virusi viwili vilivyotufika

Sasa turudi kwenye maradhi. Kirusi si seli, wala hakiwezi kuishi peke yake. Ni maagizo yaliyofungwa ndani ya ganda, yanayoingia katika seli ya mtu na kuitumikisha. Baadhi ya virusi maagizo yake ni DNA, na baadhi ni RNA.

Kirusi cha korona ni cha RNA. Sote twakumbuka kuwa tarehe 6 Mei 2020, nasi tukiwa katika mwezi wa Ramadhani, serikali ya Kenya ilizuia watu kuingia na kutoka Eastleigh hapa Nairobi na Mji wa Kale kule Mombasa, kwa ajili ya kirusi hicho. Maagizo yake ni RNA yenye herufi kiasi cha 30,000. Huingia katika seli, lakini njia yake ya kuzaana haina haja ya kuandika chochote katika DNA yetu. Mwenye kupona, mwili wake hukiondoa.

Na hapa twajibu kwa ufupi wasiwasi wa walioogopa chanjo za RNA, kama ile ya Pfizer na ile ya Moderna, wakisema kuwa zinageuza maumbile ya Mwenyezi Mungu. RNA ya chanjo husomwa nje ya kiini, kisha huvunjwa kama RNA nyingine. Haikuletwa pamoja na kimeng'enya cha kuigeuza kuwa DNA, wala cha kuipachika katika hati ya asili. Udhaifu wake wajulikana hata kwa mahitaji ya friji: chanjo ya Pfizer ilipotoka ilihitaji kuwekwa katika baridi ya nyuzi 70 chini ya sifuri, na ile ya AstraZeneca, ambayo maagizo yake ni DNA, ilitosheka na baridi ya friji ya kawaida.

Ama kirusi cha ukimwi, hicho nacho ni cha RNA. Ndani ya ganda lake mna nyuzi mbili za RNA, killa mmoja una herufi karibu 10,000. Kwa kukitazama juu juu mtu angedhani kuwa kitapita kama korona. Lakini kirusi hiki kina hila ambayo kile hakina. Kimebeba kimeng'enya chenye kuisoma RNA na kuiandika kuwa DNA, yaani huchukua maneno ya ubaoni na kuyafanya hati. Kabla ya mwaka 1970 wataalamu wengi hawakudhani kuwa jambo hilo lawezekana. Mwaka huo Howard Temin na David Baltimore, killa mmoja kwa njia yake, walikitambua kimeng'enya cha namna hiyo katika virusi vya wanyama, na mwaka 1975 wakapewa tuzo ya Nobel.

Kisha kirusi cha ukimwi kina kimeng'enya cha pili, na kazi yake ni kuikata DNA ya mtu na kuipachika humo ile DNA mpya. Tangu saa hiyo, maandishi ya kirusi yamekuwa ni sehemu ya DNA ya seli hiyo. Ni kama mghushi aliyeingia usiku, akafungua sanduku, akaongeza mstari katika hati ya wakfu kwa wino ule ule na khati ile ile. Killa nakala itakayotolewa baada ya hapo itakuwa na mstari huo.

Angalieni ajabu ya watu. Walioogopa kubadilishwa DNA waliikimbia chanjo isiyoweza kufanya hivyo, na baadhi yao wakakidharau kirusi chenye kufanya hivyo khasa.

Dawa hufanya kazi gani?

Dawa ya kwanza iliyokubaliwa kwa ukimwi, mwaka 1987, ni AZT. Nayo ni herufi ya uwongo. Imefanana na thimini pamoja na sukari yake, isipokuwa mahali ambapo pingili inayofuata ingeshika pamewekwa naitrojeni tatu. Kimeng'enya cha kirusi kikiichukua kwa kudhani ni herufi ya haki, uzi hukomea hapo hapo, usiweze kuendelea.

Kidonge ambacho wengi nchini Kenya hupewa leo kina dawa tatu ndani yake. Mbili, tenofoviri na lamivudini, hufuata njia hiyo ya herufi ya uwongo, zikazuia RNA isiandikwe kuwa DNA. Ya tatu, dolutegraviri, huzuia DNA ya kirusi isipachikwe katika DNA ya mtu. Basi tafakarini: dawa zote tatu zimesimama mlangoni kuzuia maandishi mapya. Hapana hata moja inayoingia sandukuni kufuta mstari uliokwisha kuandikwa.

Na kipimo cha kiwango cha virusi katika damu kinahesabu nini? Kinahesabu RNA ya virusi, yaani zile nakala zinazotembea katika damu. Dawa inapofanya kazi vyema, seli mpya haziambukizwi, na seli nyingi zilizokuwa zikitoa virusi hufa. Nakala hupungua mpaka kipimo kisizione. Hiyo ndiyo maana ya "virusi havionekani". Ni khabari njema na ya kweli, na ni faida kubwa: mwili hupata nguvu, na imethibiti kuwa mwenye kubaki katika hali hiyo kwa kutumia dawa zake hamwambukizi mwenzake kwa tendo la ndoa.

Lakini zimo seli nyengine, askari wa mwili waliolala wakihifadhi kumbukumbu za maradhi ya zamani. Hizo huweza kulala miaka mingi. DNA ya kirusi ikiwa imepachikwa humo, hulala nazo. Seli iliyolala haitoi nakala, na isipotoa nakala hapana RNA ya kuhesabiwa. Kipimo hakioni, na dawa haina cha kuzuia. Seli hizo zilithibitishwa na watafiti mwaka 1997 kwa watu waliokuwa wakitumia dawa barabara. Mwaka 1999 wakakadiria kuwa kungojea zimalizike zenyewe kungeweza kuchukua hata miaka 60.

Hili basi ndilo jawabu la "viko wapi?". Katika damu havionekani kwa sababu RNA imetoweka. Katika seli zilizolala vimo kwa sababu DNA imebaki. Ubao umeoshwa, na hati bado ina mstari wa mghushi. Siku dawa itakapoachwa, seli moja tu ikiamka na kutoa nakala, ubao utaandikwa upya.

Ushahidi wa yaliyotokea

Huenda mtu akasema kuwa haya ni maneno ya vitabuni. Basi na asikie yaliyotokea. Kuna mtoto aliyezaliwa Mississippi, Marekani, mwaka 2010 akiwa na kirusi hiki. Alianza kupewa dawa saa 30 baada ya kuzaliwa. Alipofika umri wa miezi 18, dawa ziliachwa. Alipopimwa, virusi havikuonekana, na hali hiyo ikaendelea kwa miezi 27 bila ya dawa, hata ulimwengu ukatangaza kuwa amepona. Mwezi wa Julai 2014 ikatangazwa kuwa virusi vimerudi. Ikiwa hayo yametokea kwa mtoto aliyetibiwa tangu siku zake za mwanzo, mtu mzima aliyekaa na maradhi kwa miaka atategemea nini? Aghlabu, kwa mtu mzima, virusi hurudi katika damu kwa majuma machache tu.

Vile vile mwaka 2006 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa watu 5,472 katika nchi 33. Baadhi yao waliendelea na dawa, na wengine walikuwa wakiziacha kwa muda na kuzirudia. Walioacha kwa muda walizidi kwa maradhi na kwa vifo, na utafiti ukasimamishwa kabla ya wakati wake.

Na kama mtu atauliza: Je, hapana aliyepona kabisa? Twasema wapo, lakini ni wachache mno. Timothy Ray Brown, Mmarekani aliyekuwa akikaa Berlin, alikuwa na ukimwi pamoja na kansa ya damu. Kuanzia mwaka 2007 alibadilishiwa uboho wa mifupa kutoka kwa mtu ambaye seli zake, kwa maumbile, hazikubali kirusi hicho. Akapona ukimwi, na mwaka 2020 akafariki kwa kansa yake. Tazama alivyopona: seli zenyewe zilizokuwa na mstari wa mghushi ziliondolewa, zikawekwa nyengine. Tiba hiyo ni ya khatari, na hufanyiwa mwenye kansa tu. Hapana kikombe cha maji kilichofanya kazi hiyo.

Elimu hii haikutoka mbali nasi

Wala asidhani mtu kuwa haya ni mambo ya Wazungu yasiyotuhusu. Tangu mwaka 1985, katika mtaa wetu wa Pumwani, Majengo, Chuo Kikuu cha Nairobi pamoja na Chuo Kikuu cha Manitoba cha Canada wamekuwa wakichunguza afya ya wanawake waliokuwa katika kazi ya khatari kubwa ya maradhi haya. Wakaona kuwa wachache katika wao, juu ya kukabiliwa na kirusi miaka nenda miaka rudi, hawakuambukizwa. Jambo hilo liliushughulisha ulimwengu, na mwaka 2001 ikajaribiwa hapa Nairobi chanjo iliyotengenezwa kwa DNA kutokana na yaliyofunzwa kwa damu yao. Chanjo hiyo haikufaulu. Lakini watu wa vitongoji vyetu wametoa damu yao ili wengine wafaidike na elimu. Haifai sisi tulio jirani zao tuwe wa mwisho kuijua elimu hiyo, wala haifai kuwataja kwa kuwavunjia sitara.

Hukumu na nasaha

Kusoma Qur'ani na kumuomba Mwenyezi Mungu shifaa ni jambo tulilofundishwa na dini yetu, na hatumkatazi mtu. Lakini Mtume (S.A.W.) alipoulizwa juu ya kujitibu, aliamrisha tujitibu. Mwenye kusema kuwa dua na dawa haziwezi kukaa pamoja ameleta jambo lisilokuwamo. Na imepokewa katika hadithi ya Abu Daud kuwa mwenye kujifanya tabibu na hali hajulikani kwa utabibu, basi ni juu yake dhamana ya madhara atakayoyaleta. Mganga anayemwambia mgonjwa aache dawa na ajue kuwa amejibebesha dhamana hiyo, hapa mbele ya watu na kesho mbele ya Mola wake. Yeye huosha wino katika sahani. Maandishi yaliyomo ndani ya seli hayakuguswa na maji yake.

Kwa hiyo twawausia ndugu zetu mambo manne:

Kwanza, aliyeambiwa virusi havionekani na amshukuru Mwenyezi Mungu, na aendelee na dawa zake. Khabari hiyo ni dalili kuwa dawa yafanya kazi, si idhini ya kuiacha.

Pili, aliyekwisha kuacha kwa kudanganywa asione haya kurudi. Na arudi kliniki leo, aseme kweli kuwa aliacha na tangu lini, kwani tabibu anahitaji kuijua kweli hiyo ili ampe dawa inayomfaa.

Tatu, mama mwenye kirusi ampeleke mtoto wake kupimwa kwa wakati aliopewa. Mtoto aliye chini ya miezi 18 huwa na kinga aliyoipata kwa mama yake, na kipimo cha kawaida cha kinga chaweza kumpoteza mtu. Kwa hiyo hutafutwa maandishi ya kirusi chenyewe, kwa kipimo kinachojulikana katika hospitali zetu kwa jina la DNA PCR.

Nne, Ramadhani si sababu ya kuacha dawa. Kidonge cha mara moja kwa siku chaweza kuwekewa wakati wake baada ya kufuturu au wakati wa daku. Mwenye kutumia dawa za namna nyingine, au aliye dhaifu, na amuulize tabibu wake kabla ya mwezi kuandama, na akiambiwa asifunge, asione dhiki kuipokea rukhsa aliyopewa na Mola wake.

Na sisi tulio wazima yatupasa kusitiri. Wengi waliokwenda kwa waganga hawakwenda kwa ujinga tu. Walikwenda kwa kuogopa kuonekana na jirani wakiwa katika foleni ya kliniki. Ulimi unaomtangaza mgonjwa una fungu lake katika dhambi ya kuiacha dawa.

Wallahu a'lam, na kwake yeye ndiko yatokako mafanikio.